Kilango cha paka katika nyumba yenye wavu wa mbu: nichague cha aina gani, na nikiweke wapi?

Mkaazi wa Raskazone (Tanga)

Salaam kwenu nyote. Naomba ushauri wa watu waliowahi kuweka kilango cha paka katika nyumba za kwetu za Pwani, kwa sababu maelezo mengi ninayoyakuta yameandikwa kwa ajili ya nyumba za nchi za baridi, ambako linalohangaisha ni upepo kupenya ndani, ilhali mimi ninahangaishwa na mbu, joto na paka wasio wangu.

Nyumba yetu imejengwa kwa matofali ya saruji ya inchi 6 na imepigwa lipu pande zote mbili. Jiko liko nyuma na linatazama uani, na ua wenyewe umezungushiwa ukuta. Jikoni pana milango miwili katika fremu moja: wa ndani ni wa mninga, mzito, wenye komeo juu na chini, na wa nje ni wa mbao nyembamba zilizowambwa wavu wa mbu. Mchana tunauacha wazi ule wa mninga ili hewa ipite na tunafunga wa wavu. Usiku tunaifunga yote miwili. Paka wetu ni wawili, jike mdogo ambaye amekwisha kufungwa kizazi, na dume wa kilo tano hivi ambaye bado.

Sina nia ya kuwafungia ndani moja kwa moja, maana wamezoea uani na tangu wawepo panya wamepungua sana stoo. Lakini wameurarua wavu kwenye pembe ya chini, pale wanapokwaruza wakitaka kufunguliwa, na kila fundi akibadilisha kipande hicho, pembe ileile huchanika tena. Watu wakichoka kuwafungulia, mlango wa wavu huachwa umeegeshwa, na hapo huingia mbu wa jioni wanaomsumbua mama yangu mzee, anayelala chumba kinachopakana na jiko, na huingia pia paka shume wa mtaani, ambaye hula chakula cha wenzake kisha akaacha mkojo wake kwenye gunia la mchele.

Ninayotaka kujua ni haya: kilango kikae kwenye mlango wa wavu, kwenye mlango wa mninga au ukutani? Je, seremala wa kawaida anaweza kukitengeneza kikafunga barabara, au ni lazima niagize cha kiwandani? Vile vya kusoma chipu vinafanya kazi huku kwetu? Na mwizi je, tundu la namna hiyo halimfungulii njia? Ningeomba wanaojibu wasinishauri niwatoe paka nyumbani, kwa sababu hilo halimo katika yanayofikiriwa.

Seremala wa Kisauni (Mombasa)

Ndugu wa Raskazone, nimeshafanya kazi hii katika nyumba za aina yako, na jambo la kwanza ninalomwambia kila mteja ni kwamba kutoboa tundu si kazi. Kazi iko katika kulifanya tundu hilo lijifunge lenyewe kila paka anapopita, usiku na mchana, pasipo mtu kulikumbuka. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ukinunue wapi, uliza kwanza kitafungwa na nini.

Mlango wa mninga uache. Papi za mlango wa namna hiyo ni nyembamba kuliko fremu yake, na ukikata papi ya chini unaudhoofisha mlango ambao ndio kinga yako ya usiku. Tena mchana mlango huo huwa wazi, umeegemea ukuta, kwa hiyo kilango chake hakitakuwa na maana kwa saa nyingi za siku.

Mlango wa wavu unafaa kwa mtu ambaye paka wake hulala ndani, kwa sababu usiku mlango wa mninga ukishafungwa, njia ya paka imefungwa pia. Ukiamua hivyo, usikiweke kilango juu ya wavu wenyewe, kwa kuwa wavu hauna nguvu ya kukibeba. Ondoa wavu sehemu ya chini, kama sentimita 40 kutoka sakafuni, upachike hapo ubao mzima wa plaiwudi ya baharini (ile isiyoharibiwa upesi na maji) ya milimita 12, kisha ukate tundu kwenye ubao huo. Utapata faida ya pili papo hapo: pembe inayoraruliwa kila mara haitakuwapo tena, kwa maana kucha za paka zitakutana na ubao.

Mimi lakini kwa nyumba yako ningechagua ukuta, chini ya dirisha la jiko. Uzito wa ukuta wa juu hubebwa na linta ya dirisha na kupelekwa pembeni, hivyo matofali yaliyo chini ya dirisha hayana mzigo mkubwa, na kuondoa moja hakuleti ufa fundi akifanya kazi kwa subira. Mwambie fundi asilitoboe tofali katikati kwa nyundo. Akate lipu kwa grenda kufuata viungo vya tofali moja, achimbue udongo wa saruji kwenye viungo hivyo pande zote nne, alitoe tofali zima. Tofali la inchi 6 kwa kawaida lina urefu wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 23, kwa hiyo atabaki na nafasi ya kutosha kusimamisha kisanduku cha mbao chenye uwazi wa sentimita 16 kwa 16, kisha ajaze saruji pembeni. Ukuta wenyewe pamoja na lipu una unene wa sentimita 18 hivi, kwa hiyo paka atapita katika njia fupi, na njia hiyo ina manufaa nitakayoyaeleza.

Lichague tofali la safu ya pili kutoka sakafuni, si la kwanza, kwa sababu safu ya kwanza ndiyo inayopokea unyevu wa ardhini na maji ya kudeki. Hapo mdomo wa kilango utakuwa juu kidogo kuliko inavyompendeza paka, ambaye hupita kwa raha zaidi pakiwa pamefikia usawa wa tumbo lake, yaani sentimita 10 hadi 15 kutoka anaposimama. Weka basi kidaraja cha sentimita 10 upande wa ndani. Upande wa nje pima upya kabisa, kwa maana msingi wa nyumba umeinuka na ua uko chini zaidi. Watu wengi hupima ndani peke yake, paka akitoka anajikuta anaruka kutoka kimo ambacho mwenye mimba au mzee hakiwezi wakati wa kurudi.

Kuhusu kipimo cha uwazi, kata tundu kwenye kipande cha katoni, ulishike mbele ya bakuli la chakula, umwache yule dume apite. Akipita bila mbavu kugusa kingo, kipimo kinatosha. Usimpime jike, kwa kuwa yeye atafuata tu.

Sasa kibao chenyewe. Kwa kilango cha kujitengenezea mimi hutumia plastiki ngumu inayoonyesha upande wa pili, ya milimita 4, kwa sababu paka hukubali haraka kupita mahali anapoona kilicho mbele yake. Kibao kinaning'inia kutoka juu kwenye kijiti cha shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu, ili kibembee ndani na nje. Usikubali bawaba za chuma cha kawaida. Hewa ya chumvi ya Mombasa na Tanga huzila, na bawaba ikishakuwa nzito kibao hubaki nusu wazi, nawe hutajua mpaka mbu wakujulishe. Kila upande wa kibao acha nafasi ya milimita 3 ili kisikwame, kisha nafasi hiyo uizibe kwa ule unyoya mweusi unaopachikwa kwenye madirisha ya alumini ya kusukuma, ambao mafundi wa alumini huuza kwa mita. Kwenye ukingo wa chini bandika utepe wa sumaku uliotolewa ndani ya mpira wa mlango wa friji bovu, na kwenye kizingiti bandika kipande chembamba cha bati. Sumaku hiyo ina nguvu ya kukirudisha kibao katikati na kukizuia kisipepee kwa upepo, na haina nguvu ya kumshinda paka.

Kitu kimoja ambacho kibao hiki hakiwezi ni kumtambua paka. Shume akijifunza kukisukuma, ataingia kama wenzake. Kwa hilo nawaachia wenye ujuzi wa vile vya chipu.

Mpwani wa Leicester (Uingereza)

Nimesoma maelezo ya fundi wa Kisauni kwa furaha. Huku ninakoishi kilango cha paka ni kitu cha kawaida kabisa, na ni cha zamani: katika kanisa kuu la Exeter lipo tundu la mviringo kwenye mlango wa mbao chini ya saa kubwa ya kale, lililokatwa ili paka apite akawinde panya. Tundu hilo halina kibao chochote, ni uwazi mtupu, na hapo ndipo ninapokubaliana na fundi kwamba ugumu wote uko katika kufunga.

Vilango vya chipu hufanya kazi hivi. Paka huwekwa chini ya ngozi, kati ya mabega, chipu yenye ukubwa wa punje ya mchele, isiyo na betri. Kilango kina waya uliozungushwa ndani ya fremu yake, na paka anapoingiza kichwa waya huo hutoa mawimbi ya redio yanayoiamsha chipu kwa muda mfupi, nayo hujibu kwa namba yake ya tarakimu 15. Namba ikiwa ni miongoni mwa zile ulizozisajili, kikomeo kidogo hushuka na kibao kinasukumika. Ikiwa siyo, kikomeo hubaki juu na mgeni hugonga kichwa akaondoka. Hakihitaji intaneti wala umeme wa ukutani. Vingi hutumia betri nne ndogo za AA ambazo hudumu miezi kadhaa, na kusajili ni kubonyeza kitufe na kumwacha paka apite.

Kabla ya kununua, zingatia mambo haya ambayo wauzaji hawayatilii mkazo. Vilango vingi vya chipu husoma paka anapoingia tu. Kutoka ni ruhusa kwa yeyote aliye ndani. Vipo vinavyosoma pande zote mbili, na hivyo ndivyo vya kununua ikiwa unataka, kwa mfano, jike atoke na dume abaki. Pia betri zikiisha kabisa, mara nyingi paka huweza kutoka lakini hawezi kurudi, kwa hiyo taa ya kuonya ikianza kuwaka usiahirishe. Na chuma hudhoofisha mawimbi: kilango kikifungwa moja kwa moja kwenye mlango wa bati au karibu na nondo, kitasoma vibaya au hakitasoma kabisa, na hapo itabidi uache nafasi ya mbao au plastiki kukizunguka. Kisanduku cha mbao alichokieleza fundi kinafaa sana kwa jambo hilo, ila hakikisha nondo za dirisha haziteremki hadi hapo, na kile kipande chake cha bati hutakihitaji, kwa kuwa kilango cha kiwandani kina namna yake ya kujifunga.

Chipu yenyewe iwe ya kiwango cha kimataifa, ile ya tarakimu 15 inayosomwa kwa kilohezi 134.2, ndiyo inayosomwa na takriban vilango vyote vinavyouzwa leo. Huku England jambo hili limekuwa la kisheria: tangu tarehe 10 Juni 2024 mwenye paka anatakiwa amwekee chipu kabla hajatimiza umri wa wiki 20. Kwa sababu hiyo vilango hivi vimeenea, na ndugu anayekuja likizo anaweza kukubebea kimoja ndani ya sanduku la nguo, si kizito.

Kuna pia vilango vya sumaku, ambavyo paka huvaa kidude cha sumaku shingoni na kilango hufunguka kwa kidude hicho. Ni rahisi zaidi, lakini sivipendekezi. Sumaku huokota misumari na pini uani, paka shume akivaa mkanda wowote wenye sumaku ataingia, na mkanda wa shingoni unaweza kunasa kwenye tawi au waya. Ukilazimika kuutumia, uwe wa aina inayofunguka yenyewe ikivutwa kwa nguvu.

Kwa wasomaji wenye milango ya kioo: kioo kilichoimarishwa kwa moto kiwandani hakikatwi tena baada ya hapo, kitapasuka vipande vidogo vidogo chote. Lazima uagize kioo kipya ambacho tundu lake limekatwa kabla ya kuimarishwa. Huku hilo ndilo linaloongeza gharama kuliko kilango chenyewe.

Daktari wa mifugo (Morogoro)

Ninaomba kuongeza upande wa mnyama, kwa sababu kilango kizuri kinaweza kukataliwa na paka, au kikakuletea tatizo lilelile la mkojo kwa njia nyingine.

Mkojo kwenye gunia la mchele ni alama. Dume asiyehasiwa huuweka ili wengine wajue kwamba hapa ni pake, na paka wa ndani akiunusa huweza kujibu kwa kuweka wake. Ndiyo maana ningekushauri umhasi dume wako kabla hata fundi hajaja. Madume wengi wakihasiwa huacha au hupunguza sana kunyunyiza mkojo, hupigana kidogo, na hawatembei mbali. Ukifunga kilango wakati dume wako bado hajahasiwa, mahali pa kwanza atakapopatia alama ni hapo hapo kilangoni, kwa kuwa ndipo harufu za nje zinapoingilia. Sehemu zilizokwisha kukojolewa zisafishwe kwa sabuni ya unga yenye vimeng'enya na maji ya uvuguvugu. Dawa zenye amonia usizitumie, kwani harufu yake inakaribiana na ya mkojo na humrudisha paka palepale.

Siku hiyohiyo ya kuhasiwa ndiyo nafasi nzuri ya kumwekea chipu, akiwa bado amelala kwa dawa, ingawa huwekwa pia akiwa macho kwa sindano moja. Muulize daktari wako mapema kama anazo, kwa sababu si kila kituo cha wilayani huwa nazo, na umwombe aisome kwa mashine kabla na baada ya kuiweka.

Jambo ambalo sitaki lipitwe ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Watu husikia jina hilo wakadhani linamhusu mbwa pekee, lakini paka huupata na anaweza kumwambukiza binadamu. Paka anayetoka na kuingia apendavyo, anayekutana na shume ukutani usiku, ni lazima awe amechanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu na arudiwe kwa ratiba ya chanjo anayopewa. Mtu yeyote wa nyumbani akiumwa au kuparurwa na paka asiyejulikana, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile bila kungoja kuona dalili.

Kuhusu mafunzo, ninaeleza kwa urefu kidogo kwa kuwa hapa ndipo wengi wanapoharibu. Usimshike paka ukamsukuma kupitia kilango. Akiogopa mara moja, atakaa muda mrefu bila kukisogelea. Anza kwa kukiinua kibao na kukifunga juu kwa utepe, njia iwe wazi kabisa, naye apite kwa kufuata dagaa uliyemshikia upande wa pili. Akizoea, kishushe kidogo, robo hivi, ili kichwa chake kiguse ukingo. Atasita, atanusa, ataweka mguu mmoja, atarudi nyuma. Mwache. Baadaye kishushe nusu, kisha kiache kining'inie chote ila sumaku iwe imefunikwa kwa karatasi ili isibane. Sumaku iondolewe karatasi mwisho kabisa. Kile kilango cha chipu hufanya mlio kidogo kikomeo kinaposhuka, na baadhi ya paka hushtushwa na mlio huo kuliko kibao chenyewe, kwa hiyo kiwashe akiwa anakula karibu nacho ili mlio auhusishe na chakula. Wakati wa kujifunza, fanya hivyo mchana mnapokuwa na mlango wa mninga wazi, ili aone kwamba njia zote mbili zipo.

Baada ya kujua kupita, bakuli la chakula lihamishwe mbali na kilango, chumba kingine ikiwezekana, kwa maana harufu ya dagaa ndiyo inayomwita shume. Upande wa nje weka chungu cha maua au ubao mdogo kando ya tundu. Paka anayetoka huwa ametanguliza kichwa na hawezi kujitetea. Akijua kwamba anaweza kuvizia kwanza nyuma ya kitu kabla ya kujitokeza uani, atatumia kilango chake bila hofu, hata kama shume yuko juu ya ukuta.

Kama wenzangu wataniruhusu, ningependekeza kilango kikomewe wakati wa magharibi na kifunguliwe asubuhi. Mbu wanaoeneza malaria huuma zaidi usiku, na ugomvi wa paka pamoja na ajali za barabarani hutokea gizani. Wape chakula cha jioni saa ileile kila siku na watarudi wenyewe kabla hujakikomea. Nyoka pia haingii kwa kubisha hodi, na kilango chenye kikomeo kilichofungwa ni bora kuliko chenye sumaku peke yake. Waachieni sanduku la mchanga ndani ya nyumba, kwa kuwa wanaolala ndani usiku mzima watahitaji mahali pa haja.

Mwenyeji wa Mji Mkongwe (Zanzibar)

Ninaongeza machache kwa walio katika nyumba za zamani. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unaweza kuwa na unene wa nusu mita, hivyo njia ya paka inakuwa ndefu na ya giza, na tundu lenyewe linaweza kumwaga mawe yaliyo juu yake, kwa kuwa hayakupangwa kwa safu kama matofali. Msiruhusu fundi aliyezoea saruji afanye kazi hiyo. Katika Mji Mkongwe, ulioandikishwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2000, milango na kuta za nje hazibadilishwi bila kibali cha mamlaka ya uhifadhi. Mlango wa kuchonga usikatwe kwa ajili ya paka wala kwa ajili ya mtu.

Sisi tumetumia dirisha la nyuma lililo chini. Tumetoa kioo kimoja cha dirisha, tukaweka ubao wa kipimo kilekile wenye kilango, na kioo tumekihifadhi. Siku tukihama, ubao unatoka na kioo kinarudi mahali pake. Kwa mpangaji yeyote hii ndiyo njia ninayoiamini, kwa sababu hakuna anayehitaji kumwomba mwenye nyumba ruhusa ya kutoboa ukuta.

Mkaazi wa Raskazone (Tanga)

Ninawashukuru sana nyote, na hasa Daktari, kwa sababu suala la kuhasi nilikuwa nikiliahirisha nikidhani halihusiani na kilango. Nimeshazungumza na ofisi ya mifugo na dume atapelekwa kwanza. Chipu nitaziulizia kwa Dar es Salaam, na mdogo wangu anayesoma Uingereza ameombwa alete kilango kinachosoma pande zote mbili. Mama ameridhia ukuta utobolewe chini ya dirisha, mradi mlango wa wavu ushonwe vizuri na usiachwe umeegeshwa tena.

Yamebaki mawili. Ukuta huo unatazama kusini-mashariki, kwa hiyo masika na upepo wa kusi huupiga moja kwa moja. Maji hayataingia jikoni kupitia kisanduku? Na kuhusu mwizi hakuna aliyenijibu.

Seremala wa Kisauni (Mombasa)

Hapo ndipo unene wa ukuta unapokusaidia. Kilango kifungwe upande wa ndani wa ukuta, si wa nje, ili zile sentimita 18 za kisanduku ziwe mbele yake kama baraza. Ubao wa chini wa kisanduku uinamishwe kuelekea nje kwa sentimita moja na nusu, na ncha yake itokeze nje ya lipu kidogo, na chini ya ncha hiyo fundi achore mfereji mwembamba kwa msumeno, ili tone la mvua likifika hapo lidondoke lisirudi ukutani. Juu ya tundu pachikwe kibati au kipande cha kigae kinachotokeza kama shibiri moja. Kilango cha chipu kikikaa ndani namna hiyo kitaepushwa na jua pia, ambalo hupausha plastiki na kuifanya ivunjike, na mlango wa betri hautaingia maji. Mbao za kisanduku ziwe za mvule au plaiwudi ya baharini, na kingo zilizokatwa zipakwe rangi mara mbili kabla ya kusimamishwa, kwa maana baada ya kujengewa brashi haitazifikia.

Mwizi mtu mzima hapiti katika tundu la sentimita 16, lakini mkono unapita, na fimbo yenye ndoano inapita. Kwa hiyo pima umbali kutoka kilango hadi komeo la chini la mlango wa mninga. Ukiwa chini ya mita moja, hamisha kilango upande wa pili wa dirisha au ubadilishe komeo hilo liwe la kufuli. Funguo, simu na mtungi wa gesi visikae karibu na tundu. Usiku kikomeo kikiwa kimefungwa, funika na kibao cha mbao kinachoteleza kwenye vijia viwili upande wa ndani. Nitakuchorea nikipata nafasi, ni kazi ya saa moja kwa seremala.

Saruji ya kujazia pembeni mwa kisanduku imwagiwe maji asubuhi na jioni kwa siku saba kabla ya kufunga kilango, isije ikapasuka na kuacha ufa ambao mbu watapita pembeni ya kazi nzuri. Siku hizo saba tundu lizibwe kwa plaiwudi iliyokazwa kwa skrubu kutoka ndani, kwa kuwa shume ataliona kabla ya paka wako.